MALEZI: Kigari cha mtoto hununuliwa kwa kutazama njia, si rangi

BINTI yangu alipokaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, jambo lililomshughulisha kuliko yote, baada ya jina la mtoto, lilikuwa kigari cha kumsukumia. Alikuwa amekiona kwenye simu: rangi ya majivu, magurudumu yanayong'aa na mpini uliozungushiwa ngozi. Bei yake ilizidi mshahara wa mwezi mzima wa yaya. Akaniomba nimsindikize kwenda kukinunua.

Nilikubali, ila kwa sharti moja. Nilimtaka kwanza tutembee kwa miguu kutoka mlangoni pake, orofa ya nne, hadi duka anakonunua maziwa, na kutoka hapo hadi kituo cha matatu. Ngazi tulizihesabu, zilikuwa sitini na nne na jengo halina lifti. Nje ya lango tulikuta mtaro usio na kifuniko, kisha vumbi ambalo wakati wa masika hugeuka tope jeusi la kung'ang'ania viatu. Baadaye kilifuata kipande kifupi cha njia ya miguu iliyotandazwa matofali, na nusu yake ilikuwa imekaliwa na wachuuzi na pikipiki za bodaboda.

Tulipofika kituoni, binti yangu aliangua kicheko. "Baba, kigari kile hakitafika hata langoni," akasema.

Safari hiyo fupi ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Vigari vya watoto vinazidi kuonekana katika miji yetu, madukani na katika masoko ya mitumba. Wazazi wanaotarajia mtoto wa kwanza huvigharamia kwa maelfu ya shilingi, na wengine huchangiwa na marafiki katika karamu za kumkaribisha mtoto. Miezi michache baadaye, kigari kilichogharimu fedha nyingi huishia pembeni mwa chumba kikiwa kimerundikiwa nguo zinazosubiri kupigwa pasi.

Hasara ya fedha huvumilika. Isiyovumilika ni mtoto kuumia katika chombo ambacho mzazi alikinunua kwa mapenzi. Kwa hivyo, kabla ya kuutia mkono mfukoni, ni vyema mzazi akifahamu chombo hiki kilitoka wapi, hufanya kazi vipi na kina hatari zipi.

Kigari cha mtoto hakikuzaliwa kwenye njia kama zetu. Mojawapo ya vigari vya mwanzo vinavyojulikana kilibuniwa mwaka 1733 na William Kent, msanii na mbunifu wa bustani nchini Uingereza, kwa ajili ya watoto wa Mtawala wa Devonshire. Kilikusudiwa kukokotwa na mnyama mdogo katika bustani ya kifahari. Mwaka 1889, Mmarekani William Richardson wa Baltimore alisajili ubunifu wa kigari ambacho kitanda chake kiliweza kugeuzwa ili mtoto amtazame anayemsukuma.

Kigari chepesi cha kukunjwa mithili ya mwavuli kilikuja baadaye sana. Mbunifu wake alikuwa Owen Maclaren, mhandisi Mwingereza aliyewahi kushughulikia magurudumu ya ndege za kivita za Spitfire. Mwaka 1965 aliutumia ujuzi huo wa vyuma vyepesi vinavyojikunja kuunda kigari ambacho mzazi angeweza kukibeba kwa mkono mmoja.

Historia hii inatufunza jambo moja. Watu hao walibuni vigari kwa ajili ya bustani zao, barabara zao na treni zao. Mzazi wa Kenya anayechagua kwa kutazama picha ya kigari kikisukumwa katika bustani ya London ananunua jibu la swali la mtu mwingine.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni umri wa mtoto. Shingo ya mtoto mchanga haina nguvu na uti wa mgongo wake haujakomaa. Akikalishwa wima, kichwa huinama na kidevu hugusa kifua, hali inayoweza kuziba njia ya hewa. Mtoto wa aina hiyo hulazwa chali kwenye kitanda kilichonyooka. Vigari vingi vyepesi vya mwavuli huwa havilali kabisa, au hulala nusu tu, na kwa hivyo humfaa mtoto aliyekwisha kuweza kukaa mwenyewe, yaani wa takriban miezi sita na kuendelea.

Onyo hilo linahusu pia kiti cha gari kinachopachikwa juu ya fremu ya magurudumu. Kiti hicho ni kinga muhimu mtoto anapokuwa ndani ya gari, lakini si kitanda. Kwa kuwa humfanya mtoto mchanga ajikunje, ushauri wa kawaida wa wataalamu ni kwamba asiachwe humo kwa zaidi ya saa mbili mfululizo. Mkifika, mtoeni mkamlaze.

Jambo la pili ni magurudumu. Magurudumu madogo ya plastiki huteleza vizuri katika sakafu za maduka makubwa, lakini kwenye kokoto hutikisika na penye tope hukwama. Njia mbovu huhitaji magurudumu makubwa, ya mpira, na fremu yenye springi. Kigari cha magurudumu matatu yaliyojazwa upepo hupita vyema katika vijia vya udongo, kama vile vya msitu wa Karura jijini Nairobi, lakini huwa kizito na huweza kutobolewa na miiba. Aidha, hata kama kimeundwa kwa ajili ya wazazi wanaopenda kukimbia, mtu asikimbie nacho kabla mtoto hajatimiza angalau miezi sita.

Anayeishi kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, atahitaji kigari chembamba. Anayeishi kwenye majumba marefu yasiyo na lifti, kama yaliyosongamana mtaani Pipeline, Nairobi, hana budi kuutazama uzito kabla ya kitu kingine chochote. Kigari chepesi cha mwavuli huwa na uzito wa kilo tano hadi saba. Vile vikubwa vyenye kitanda na kiti hufika kilo kumi hadi kumi na tano. Ongeza mtoto wa mwaka mmoja, ambaye aghalabu huwa na kilo tisa au kumi, kisha ujiulize utapandaje ngazi hizo ukiwa na mfuko wa mboga mkononi.

Wanaosafiri kwa matatu wanalo swali lao. Je, unaweza kukikunja kigari kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umemshika mtoto, makanga akikuhimiza uingie upesi? Jaribu dukani, na muuzaji asikukunjie. Ikiwa huwezi kukikunja mbele ya kaunta pasipo haraka yoyote, hutaweza kukikunja kituoni mvua ikinyesha.

Tukija kwenye usalama, breki ndiyo roho ya kigari. Mnamo Oktoba 2009, katika kituo cha treni cha Ashburton mjini Melbourne, Australia, mama mmoja alikiachilia kigari kwa muda mfupi mno. Kilibingirika hadi ukingoni, kikaanguka relini mbele ya treni iliyokuwa ikiingia. Kamera za kituo zilinasa tukio hilo na dunia nzima ikalitazama kwa hofu. Mtoto huyo wa miezi sita alinusurika akiwa na jeraha dogo kichwani. Ilielezwa kuwa alikuwa amefungwa mishipi, na hilo pengine ndilo lililomwokoa.

Mimi pia nina kisa changu. Miaka ya tisini nilinunua kigari kilichotumika kutoka kwa mchuuzi mmoja aliyeniapia kwamba kilikuwa kama kipya. Kilipakwa rangi mpya na kupendeza. Siku moja, kwenye mteremko mdogo karibu na nyumbani, niliikanyaga breki, nikageuka kulipa sukuma wiki. Breki iliachia. Mama muuza mboga ndiye aliyeruka na kukidaka kigari kabla hakijafika barabarani. Ndani yake alikuwa binti huyuhuyu ambaye leo ananiomba nimsindikize dukani. Tangu siku hiyo naujua ukweli wa methali isemayo uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa sababu hiyo nina jaribio ninalompendekezea kila mzazi, hasa anayenunua cha mitumba. Chukua pakiti tano za unga, za kilo mbili kila moja. Hizo ni kilo kumi, karibu sawa na mtoto wa mwaka mmoja. Zipange kitini, ukisimamishe kigari kwenye mteremko, ufunge breki kisha uachie huku umesimama chini yake, tayari kukidaka. Kigari kizuri hakisogei. Halafu tundika mfuko wa kilo mbili au tatu kwenye mpini, uondoe pakiti tatu za unga. Utakiona kinavyotaka kuanguka kinyumenyume. Hivyo ndivyo watoto wengi wanavyoanguka: mzazi hutundika ununuzi kwenye mpini, kisha uzito wa mtoto unapopungua au anapotolewa, kigari hupinduka. Mizigo na iwekwe kwenye kikapu cha chini, karibu na ardhi.

Mishipi nayo itazamwe. Iliyo bora hushika sehemu tano: mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya miguu. Mshipi wa kiunoni pekee humwacha mtoto ajisukume mbele na kusimama, au ateleze chini hadi shingo inaswe. Mishipi ifungwe kila safari, hata ya hatua kumi. Hakikisha pia kwamba kifungo kinahitaji nguvu ya mtu mzima kufunguka, kwa maana vidole vya mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni vya udadisi mwingi.

Hatari ambayo wengi hawaifahamu ni ya bawaba, pale fremu inapokunjikia. Mnamo Novemba 2009, kampuni ya Maclaren ilitangaza kurejeshwa kwa takriban vigari milioni moja vilivyouzwa Marekani, baada ya kuripotiwa visa 12 vya watoto kukatika ncha za vidole vilivyobanwa kwenye bawaba kigari kilipokuwa kikikunjuliwa. Wamiliki walipewa vifuniko vya kuziba sehemu hizo. Basi kanuni ni hii: mtoto awe mbali kigari kinapokunjwa au kukunjuliwa, na anyanyuliwe kuwekwa kitini baada tu ya kusikia komeo la fremu likilia na kuhakikisha limeshika.

Vigari vya aina hiyo vilivyorejeshwa ng'ambo vinaweza kuvuka bahari na kufika kwenye masoko ya mitumba. Kwa hivyo, kabla ya kulipa, soma kibandiko kwenye fremu. Angalia jina la mtengenezaji, modeli na mwaka, kisha ulitafute jina hilo kwenye intaneti pamoja na taarifa za kurejeshwa kwa bidhaa. Kibandiko kinachotaja kiwango cha Ulaya cha EN 1888 au cha Marekani cha ASTM F833 huashiria kwamba chombo kilikusudiwa kupita majaribio ya breki, uimara na uthabiti. Hata hivyo, kibandiko hakizuii kutu. Kagua viungo, skrubu zilizopotea, mishipi iliyolika na ukungu kwenye godoro. Rangi mpya juu ya fremu ya zamani iwe sababu ya kuuliza maswali zaidi, si ya kuridhika.

Swali jingine ni iwapo mtoto aelekee mbele au amtazame anayemsukuma. Mwaka 2008, Dkt Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskochi, alichapisha utafiti ambapo jozi 2,722 za wazazi na watoto zilitazamwa mitaani nchini Uingereza. Ilibainika kuwa wazazi walizungumza zaidi na watoto waliotazamana nao. Katika jaribio dogo lililoambatana na utafiti huo, kina mama waliongea na watoto takriban mara mbili zaidi walipokuwa uso kwa uso. Mtoto hujifunza lugha kwa kusemeshwa. Ikiwa mfuko unaruhusu, kiti kinachogeuzwa kina faida, hasa katika mwaka wa kwanza. Ikiwa hauruhusu, simama mara kwa mara, uiname, uzungumze naye. Hilo halilipiwi.

Wakazi wa Pwani na maeneo mengine yenye joto, kama vile Kisumu, Garissa na Lodwar, wana onyo lao. Mzazi akiona jua kali hukifunika kigari kwa leso nyepesi akidhani anampa mtoto kivuli. Mwaka 2014, gazeti la Svenska Dagbladet la Uswidi lilipima joto ndani ya kigari siku ya jua. Bila kifuniko kipimo kilikuwa nyuzi 22. Baada ya nusu saa chini ya kitambaa chepesi kilifika nyuzi 34, na baada ya saa moja 37. Kama hali huwa hiyo Uswidi, Mombasa itakuwaje? Chagua kigari chenye paa pana na madirisha ya wavu, tembea asubuhi au jioni, na usizibe upepo.

Lipo jambo ambalo katika maduka mengi halitajwi kabisa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu ya uzazi na baba wiki mbili. Baada ya hapo, katika nyumba nyingi, anayekisukuma kigari si mzazi bali yaya au nyanya ya mtoto. Hata hivyo, ni nadra sana kwa mtu huyo kuulizwa kitu wakati wa kununua. Mpini uliomfaa baba mrefu humlazimisha yaya mfupi kuinua mabega siku nzima. Mfundishe yaya breki, mishipi na komeo kwa subira, mara kadhaa, hadi uone anavifanya bila kuambiwa. Umemkabidhi mwanao, mkabidhi na ujuzi.

Na je, asiye na uwezo wa kununua kigari? Hapa ndipo ninapotaka kusema bila kuficha: mtoto hakosi kitu kwa kukosa kigari. Waswahili walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Mbeleko imewalea wazee wetu na sisi wenyewe. Katika miaka ya sitini, muuguzi Mmarekani Ann Moore alifanya kazi ya kujitolea nchini Togo, akawaona kina mama wakiwabeba watoto mgongoni kwa kitambaa, watoto wakiwa watulivu. Aliporudi kwao alibuni kibebeo kilichosajiliwa mwaka 1969 na kuuzwa kwa jina la Snugli. Ulaya na Marekani zikanunua kwa bei ya juu kile ambacho nyanya zetu walikuwa nacho sandukuni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 na madaktari Urs Hunziker na Ronald Barr, uliofanyiwa mjini Montreal, Kanada, ulionyesha kuwa watoto wachanga waliobebwa kwa muda mrefu zaidi kila siku walilia kwa asilimia 43 pungufu walipofika umri wa wiki sita. Vilevile, miguu ya mtoto ikikaa wazi kuuzunguka mwili wa mbebaji, nyonga zake hukua vyema. Cha kuzingatia ni kwamba mtoto mchanga ambaye shingo haijakaza abebwe mbele, uso wake ukionekana, pua ikiwa wazi na kidevu kikiwa mbali na kifua.

Hata hivyo, mbeleko na kigari vina mpaka mmoja. Katika mwongozo wake wa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe ni kwenye kigari au mgongoni mwa mlezi. Mtoto anahitaji mkeka, sakafu safi na nafasi ya kurusha miguu. Kigari ni chombo cha kusafiria. Kisigeuzwe mahali pa kumhifadhi mtoto ili watu wazima wapate utulivu.

Binti yangu hakukinunua kigari kile cha rangi ya majivu. Aliamua kutumia mbeleko miezi sita ya mwanzo, kisha akatafuta kigari chepesi chenye mishipi ya sehemu tano. Alikipata sokoni kikiwa kimetumika, lakini hakulipa kabla ya kukipakia unga na kukiegesha mteremkoni, huku muuzaji akitazama kwa mshangao. Fedha zilizobaki aliziweka akiba ya matibabu ya mtoto. Kigari chenyewe hukaa chini, kwa mlinzi wa jengo, naye mtoto huteremshwa ngazi zote sitini na nne akiwa mgongoni mwa mamake.

Wewe unayejiandaa kumpokea mtoto, usianze na duka. Vaa viatu, utoke mlangoni pako, utembee hadi dukani, zahanati na kituo cha gari. Hesabu ngazi, itazame mitaro, uone kilima kiko wapi na atakayesukuma ni nani. Ukirudi nyumbani utakuwa unajua ni kigari gani unachokihitaji, au kama unakihitaji kweli.